Guguli na mti wake: maswali ninayoulizwa kila wiki dukani

Nauza viungo, udi, ubani na dawa za mitishamba hapa Mombasa. Katika rafu zangu zote hakuna chupa inayoulizwa maswali kama ile ya guguli. Wengine wameisikia mtandaoni, wengine kwa jirani Mhindi, wengine wameandikiwa jina kwenye kipande cha karatasi na hawajui hata kulisoma. Nimechoka kurudia, basi nimeandika. Niseme mapema kwamba mimi si daktari, na kwamba baadhi ya majibu yaliyomo humu hayanisaidii kuuza.

Ami, hii guguli ni kitu gani hasa?

Ni utomvu uliokauka wa kichaka cha miba kinachoota porini katika nchi kavu za magharibi ya India na ng'ambo ya mpaka, Pakistan. Jina lake la kitaalamu ni Commiphora wightii. Vitabu vya zamani huandika Commiphora mukul, ni mti ule ule. Hilo "wightii" ni kumbukumbu ya Robert Wight, daktari wa Kiskoti aliyekuwa Madras na aliyetumia miaka mingi kuchoresha na kuorodhesha mimea ya India.

Kwa Kisanskriti ni guggulu, kwa Kihindi guggul, kwa Kigujarati gugal, Waarabu wao huita muql. Mimi naandika guguli. Mti hauna jina la Kiswahili ninalolijua, kwa hiyo nitauita mguguli, kama vile chungwa na mchungwa. Usilitafute kwenye kamusi.

Ukiushika mkononi utaona vipande vya kahawia, vingine vya rangi ya asali iliyozeeka, vimegandamana, na ndani yake chembe za gome na mara nyingine jani zima limenasa kama mdudu. Msimu wa joto hunata vidoleni mpaka uvioshe kwa mafuta. Ladha ni chungu, na uchungu wake hauondoki ulimini upesi.

Mti wenyewe unafananaje?

Ni mfupi. Nadra upite mita 3 au 4, na mwingi haumfikii mtu kichwani. Matawi yamepindapinda, yamejaa vifundo, hayana mpango. Watu husema "una miba", lakini si miba iliyobandikwa juu ya tawi kama ya mgunga. Tawi lenyewe huendelea likichongoka mpaka ncha yake ikawa mwiba. Ukiingia ndani ya kichaka hicho na kanzu, utatoka bila kanzu.

Gome hubanduka kama karatasi nyembamba, na chini yake shina lina ukijani. Majani ni madogo, yana meno pembeni, huota moja moja au matatu pamoja, na kiangazi huyapukutisha yote, ukabaki mti ambao mgeni angeapa umekufa. Maua ni madogo mekundu, matunda nayo huwa mekundu yakiiva.

Nyumbani kwake ni wapi?

Upande wa India ni Rajasthan, kuanzia nchi za jangwa za Jaisalmer na Barmer mpaka vilima vya Aravalli, na Gujarat, hasa Kutch na Saurashtra. Upande wa Pakistan ni Sindh, kule Nagarparkar kwenye milima ya Karoonjhar, na Balochistan. Nchi za mawe na chumvi, mvua ya kuhesabu.

Msomaji wa pwani asilipite jina la Kutch haraka. Ndiko walikotoka wazee wa Wahindi wengi wa Unguja, Lamu na Mombasa. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Unguja enzi za Seyyid Said, asili yake ni Mundra, bandari ya Kutch. Kotia nazo, zile jahazi zilizokuja na kaskazi na kurudi na kusi, nyingi ziliundwa Mandvi, bandari jirani. Kwa hiyo mtu akiniambia guguli ni kitu kilicholetwa na intaneti, namwonyesha majirani zangu wa asili ya Kutch, ambao chetezo zao zilikuwa zikinuka guguli kabla sijazaliwa.

Je, ndiyo manemane? Au ndiyo ubani?

Hapana, lakini hujakosea mbali. Manemane, ubani na guguli ni ukoo mmoja. Manemane ndiyo ndugu wa karibu, maana yenyewe ni Commiphora vilevile, Commiphora myrrha ya Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Ubani ni binamu: mti wake ni Boswellia, na bora wake hutoka Dhofar, Oman, na nchi ya Wasomali. Sandarusi haimo kabisa kwenye ukoo huu, ingawa nayo ni utomvu. Ile ni ya msandarusi wa kwetu, na zamani ilikwenda kutengeneza vanishi Ulaya na Marekani.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuchoma. Ubani una harufu ya juu, safi, yenye ndimu ndani yake. Manemane harufu yake ni nzito na kali kidogo. Guguli iko karibu na manemane, ila imepoa, ina udongo na utamu kwa mbali.

Mchungaji wetu anasema imetajwa kwenye Biblia. Ni kweli?

Inawezekana sana. Fungua Mwanzo 2:12, pale panapotajwa nchi ya Havila na dhahabu yake: inafuata "bedola". Tena Hesabu 11:7, mana inalinganishwa na bedola kwa mwonekano. Bedola ni jina la Kiebrania lililoachwa lilivyo katika tafsiri ya Kiswahili, na wataalamu wengi wanaona kwamba ni utomvu wa miti ya jamii ya Commiphora, ama wa Kihindi ama wa Kiafrika. Wapo wanaosema ni kito au lulu.

Kwa biashara ushahidi ni mzuri zaidi. Periplus, ule mwongozo wa baharia wa Kiyunani wa karne ya 1, unaitaja bdella miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Barbarikon kwenye mlango wa mto Indus, na Barygaza, ambayo leo ni Bharuch huko Gujarat. Ni mwongozo huo huo unaoeleza pwani yetu mpaka Rhapta, bandari ya kale.

Utomvu unagemwaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa kugema utaelewa kwa nini bei inapanda.

Mguguli haugemwi mpaka ufikishe miaka 8 hadi 10. Msimu huanza baridi za Desemba na kwenda mpaka joto la Mei au Juni, kabla mvua zao hazijateremka. Mgemaji mwangalifu hutafuta shina nene, akakata chanjo ndogo kwenye gome tu, bila kufika kwenye mti wa ndani, halafu akaenda zake. Utomvu hutoka polepole, mweupe wenye umanjano, ukajikusanya kwenye kidonda kama machozi. Baada ya siku 10 hadi 15 hurudi kuukwangua. Mti mmoja kwa msimu mzima hutoa kama gramu 200 hadi 500. Yaani kile kilo kimoja kilichomo kwenye chupa yangu ni jasho la miti miwili ikiwa ilikuwa mikubwa, au mitano ikiwa ilikuwa dhaifu.

Sasa mgemaji mwenye haraka hafanyi hivyo. Hukata ndani, mpaka kwenye mti, akazungusha, kisha akapaka kidonda mchanganyiko wake. Vinavyotajwa kwenye mchanganyiko huo ni gundi yenyewe ya guguli, mkojo wa punda mwitu au farasi, na mrututu. Ndiyo, mrututu uleule wa buluu ambao bibi zetu walikuwa wakitupaka kwenye vidonda. Mti huungua na kumwaga utomvu wote ulio nao, mgemaji akajaza gunia, na mti ukakauka. Hiyo ndiyo guguli nyingi iliyotembea masokoni.

Si kwamba njia bora haijulikani. Wataalamu wa India walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba chanjo ya juu juu pamoja na kipimo kidogo cha ethefoni, dawa inayojulikana na wagemaji wa mpira, huongeza mavuno mara nyingi bila kuua mti. Lakini elimu hiyo inamfaa mwenye mti wake. Aliye kwenye pori la wote, anayejua kwamba asipoukata yeye leo atakuja mwingine kesho asubuhi, angojee nini?

Ndiyo kusema mti unakwisha?

Unakwisha. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliuweka mwaka 2015 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Baada ya daraja hiyo inayofuata ni kutoweka porini.

Kukata ni sababu ya kwanza, lakini mti wenyewe nao una maumbile yanayouponza. Hukua taratibu mno. Sehemu nyingi miti yote unayoikuta ni ya kike, na hutoa mbegu bila kuchavushwa. Ni muujiza mdogo, lakini maana yake ni kwamba watoto ni nakala ya mama: ukija ugonjwa au ukame unaomwangusha mmoja, huenda ukawaangusha wote. Juu ya hayo mbegu nyingi huwa tupu.

Kisha kuna mgeni ambaye Wakenya tunamjua. Mathenge, ule mti uliowatesa watu wa Baringo mpaka wakaenda mahakamani, ndio huohuo uliojaa Kutch. Kule wanauita gando baval, mgunga kichaa. Mguguli mfupi, wa mwendo wa kobe, hauwezi kushindana na kichaa.

Juhudi zipo. Serikali ya India imegharamia mashamba ya mguguli Gujarat na Rajasthan, na mtaalamu wa mimea Vineet Soni alianzisha harakati za kuuokoa kwa kushirikiana na wanavijiji wa Rajasthan. Lakini hesabu miaka 8 au 10 toka kupanda mpaka kugema, uone mkulima maskini atakula nini katikati.

Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inautumia kwa ajili ya nini?

Kwa karibu kila kitu, na hapo ndipo mteja anapochanganyikiwa. Atharvaveda, kitabu kitakatifu cha Wahindu ambacho ni cha zamani kabisa, inasema maradhi humkimbia mtu aliyefikiwa na harufu ya guguli. Sushruta Samhita, kitabu chao cha kale cha tiba, inaitaja kwa unene na maradhi yatokanayo na mafuta kuzidi mwilini. Baadaye ikawa dawa kuu ya viungo vinavyouma, uvimbe, vidonda visivyopona, tezi za shingoni na mengineyo.

Vitabu vyao vinaigawa kwa rangi aina tano. Tena vinatofautisha umri: guguli mpya hunenepesha, iliyokaa muda mrefu hukondesha. Huwa nacheka peke yangu mteja anayetaka kupungua anaponisisitiza nimpe "ile iliyoingia juzi".

Mara nyingi hailiwi peke yake. Huwa ndiyo gundi ya kushikilia dawa nyingine, ikapondwa na samli mpaka ilainike, ikaviringishwa vidonge. Ndiyo maana utakutana na majina marefu yanayoishia na guggulu. Triphala guggulu ina yale matunda matatu, amla, haritaki na bibhitaki, na hutumika kwa tumbo na unene. Yogaraj na Sinhanada ni za viungo, hiyo ya pili ikiwa na mafuta ya mbarika ndani. Kaishore ni ya jongo na ngozi. Kanchanar ni ya tezi na uvimbe. Gokshuradi ni ya njia ya mkojo. Mtu akikwambia "nipe guguli" tu, ni kama aliyeingia duka la dawa akasema "nipe kidonge".

Nimesikia inasafishwa kwa mkojo wa ng'ombe. Mimi Mwislamu, nifanyeje?

Swali zuri, na wauzaji wengi hulikwepa. Guguli mbichi haitumiwi kama dawa ya kumeza mpaka isafishwe. Kazi hiyo wanaiita shodhana. Vipande hufungwa kwenye kitambaa, kitambaa kikaning'inizwa ndani ya sufuria yenye kimiminika kinachochemka, guguli ikayeyuka na kupita, na mchanga, gome na vijiti vikabaki kwenye kitambaa. Kisha hukaushwa.

Hicho kimiminika ndicho kilichokushughulisha. Maandiko yanaruhusu kadhaa: maji yaliyochemshiwa triphala, maziwa, au mkojo wa ng'ombe. Viwanda vingi hutumia triphala, lakini si vyote. Kwenye lebo mkojo huo huandikwa gomutra. Kwa sisi wafuasi wa Imam Shafii mkojo wa mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali, kwa hiyo soma lebo, na kama haisemi, muulize anayeuza. Akikuambia "hiyo haina neno" bila kuangalia chupa, nunua kwingine.

Ya kufukiza huwa haikupitia usafishaji huo.

Kweli inashusha kolesteroli?

Hili ndilo swali la kila siku. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa "ndiyo". Leo silisemi tena, na kisa chake ni hiki.

Mwaka 1966, katika chuo kikuu cha Banaras Hindu, daktari kijana wa kike, G. V. Satyavati, aliandika tasnifu kuhusu guguli. Alikuwa ameyasoma maelezo ya Sushruta kuhusu mtu anayekula mafuta, asiyetembea, ambaye njia za mwili wake huziba, akaona ni kama kitabu hicho cha kale kinaeleza ugonjwa wa mishipa ya moyo. Akawalisha sungura mafuta mpaka kolesteroli ikapanda, akawapa guguli, ikashuka. Kazi hiyo ilifungua mlango. Taasisi ya utafiti wa dawa ya Lucknow iliendelea, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 India ilikuwa ikiuza dawa iliyotolewa kwenye guguli kwa ajili ya kolesteroli.

Majaribio ya kule yalionekana mazuri. Moja la mwaka 1994 lilikuwa na wagonjwa 61, wote wakiwa kwenye mlo wa matunda na mboga. Waliopewa guguli, kolesteroli mbaya ya LDL ilishuka asilimia 12 na nusu. Mwaka 2002 wanasayansi wa Houston wakachapisha katika jarida la Science kwamba guggulsteroni, kiini cha guguli, huzuia kipokezi cha ini kiitwacho FXR, ambacho kazi yake ni kusimamia kolesteroli inavyogeuzwa kuwa nyongo. Kila kitu kikakaa sawa: maandiko ya kale, sungura, wagonjwa, na sasa sababu yake.

Mwaka uliofuata, 2003, ndipo maji yalipozidi unga. Watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania walichukua watu wazima 103 wenye kolesteroli ya juu, wanaokula chakula cha kawaida cha Kimarekani, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa gramu 1 mara tatu kwa siku, wengine gramu 2 mara tatu, wengine kidonge kisicho na kitu. Wiki 8. Waliopewa kidonge kitupu LDL yao ilishuka asilimia 5. Waliopewa guguli ilipanda, asilimia 4 kwa dozi ndogo na 5 kwa dozi kubwa. Na 6 kati yao wakatokwa na vipele vya mzio.

Wapo wanaosema tofauti ni mlo, au ni jamii ya watu. Huenda. Lakini mimi nimesimama nyuma ya kaunta, na mbele yangu yupo mtu ambaye daktari amempa dawa ya kolesteroli, naye anataka kuiacha aje kwenye chupa yangu. Siwezi kumwambia aache dawa iliyothibitishwa achukue inayoweza kumpandisha. Kwa hiyo namwambia arudi kwa daktari wake. Ameondoka na binzari nyembamba robo kilo, basi.

Na kupunguza tumbo?

Hakuna jaribio la kuaminika la kumfanya mtu anunue kwa sababu hiyo. Zile kapsuli zenye picha ya kiuno cha msichana siziweki.

Magoti ya mama yangu yanauma. Imsaidie?

Hapa nina huruma nayo zaidi. Maabara imeonyesha kwamba guguli hupoza uvimbe, na matumizi ya karne nyingi kwa baridi yabisi si kitu cha kupuuza. Majaribio kwa watu wenye magoti mabovu yamefanyika, wengi wao wakasema wamepata nafuu. Ila majaribio hayo ni madogo, na mengine hayakuwa na kundi la kulinganisha, na goti nalo lina siku zake njema na siku zake mbaya bila dawa yoyote. Kama mama yako hana dawa nyingine anazotumia na daktari hakuona kizuizi, ajaribu mwezi mmoja. Asipoona tofauti aache, asiongeze dozi.

Nani asiiguse kabisa?

Mjamzito. Katika dawa za asili guguli inajulikana kwa kuteremsha hedhi na kusukuma kizazi, hivyo hapo sina mjadala. Anayenyonyesha pia asubiri. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, hasa anayetumia dawa zake, asianze bila daktari, kwa sababu guguli inaaminika kuichokoza tezi hiyo.

Wa mwisho ndio wengi, nao hawajijui: wenye dawa za kila siku. Guguli huamsha mfumo wa ini unaovunja dawa. Utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ilipunguza kiasi cha propranolol na diltiazem kinachofika kwenye damu, na hizo ni dawa za presha na moyo. Baadhi ya dawa za ARV na vidonge vya uzazi wa mpango hupitia njia hiyo hiyo ya ini. Yaani unameza dawa yako kama kawaida, saa ile ile, na sehemu ya nguvu yake imeshavunjwa. Usichanganye kimyakimya. Mwambie daktari hata kama unaona haya.

Madhara madogo ni tumbo kuvurugika, kuharisha, kichwa kuuma na vipele. Vipele vikitokea, acha siku hiyo hiyo.

Je, kuna risasi na zebaki ndani yake?

Kwenye utomvu wenyewe hapana. Kwenye baadhi ya vidonge vilivyotengenezwa kwayo, ndiyo, na mara nyingine kwa makusudi. Angalia majina haya mawili yanayofanana: Yogaraj guggulu ni mitishamba, lakini Mahayogaraj guggulu kwa asili yake huwekwa madini yaliyochomwa yakawa majivu, zikiwemo risasi na zebaki. Neno la kutafuta kwenye lebo ni bhasma.

Si hofu ya bure. Watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, matokeo yakachapishwa 2004: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Walipopima 193 zilizouzwa mtandaoni, mwaka 2008, ilikuwa karibu moja kwa kila tano. Kwa Tanzania, waulize Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama dawa imesajiliwa kabla hujampa mtoto au mzee.

Nitajuaje kwamba ni halisi?

Mwaka mmoja nilinunua kilo 5 kwa mfanyabiashara wa jumla ambaye sitamtaja. Zilinuka vizuri, rangi nzuri. Nilipochemsha kidogo kwa ajili ya mteja, chini ya sufuria ulibaki mchanga wa kujaza kikombe cha kahawa, na juu kukaelea gundi ya mgunga. Tangu hapo sinunui kabla ya kujaribu.

Majaribio ya zamani ndiyo ninayoyatumia. Weka kipande juani: halisi hulainika. Weka kwenye kaa la moto: huvimba, hupasuka kidogo, kisha huungua na kutoa moshi mweupe. Tia kwenye maji ya moto na ukoroge: maji huwa kama maziwa. Ikiyeyuka yote ikawa maji angavu yanayonata, hiyo ni gundi ya mgunga. Harufu ikiwa ya ndimu, umeuziwa salai, utomvu wa Boswellia ya India, ambao wenyewe ni mzuri lakini si huu. Na ikiwa ni rahisi ajabu, kumbuka ile hesabu ya gramu 200 kwa mti.

Naifukizaje?

Makaa yashike kwanza mpaka yawe na majivu juu, kisha punje moja ndogo kama punje ya hindi. Wahindi huchanganya na ubani. Ukitia nyingi kwa pamoja utapata moshi mweusi na harufu ya lami. Fungua dirisha, na mwenye pumu asikae chumbani.

Huku kwetu hakuna mti kama huo?

Wapo jamaa zake wengi kuliko India. Commiphora zipo karibu aina 200 na nyingi ni za Afrika. Ukipanda treni ya Nairobi, kile kichaka cha kijivu unachokipita saa nzima ndani ya Tsavo ni migunga na Commiphora. Kwa Kiswahili aina kadhaa huitwa mbambara. Ukikwangua gome lake la karatasi utaona ukijani chini, na kidole kitanuka.

Wamasai wana oltemwai, Commiphora swynnertonii, ambayo utomvu wake huupaka mifugo kwa kupe na ukurutu. Kaskazini mwa Kenya hukusanywa hagari, utomvu wa Commiphora holtziana, unaosafirishwa nje kwa manukato. Lakini kuwa ukoo mmoja si kuwa dawa moja. Usinywe utomvu wa mbambara kwa sababu umesoma habari za guguli.

Naweza kupanda mguguli shambani kwangu Voi?

Hali ya hewa isingeukataa. Mbegu zinasumbua, hivyo hata India hupanda vipande vya matawi. Kuleta vipande hivyo ni jambo jingine: kwa Kenya lazima kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka, na kwa mti ulio hatarini utaulizwa pia umetolewa wapi. Usiutie kwenye sanduku la nguo. Na ukifanikiwa, ni miaka 8 kabla ya tone la kwanza.

Kama unachotaka ni ua la miba lisilopitwa na mbuzi, mbambara uko hapo hapo Voi. Kata matawi yenye unene wa mkono, yachomeke karibu karibu kabla mvua za vuli hazijaanza, yatachipua yenyewe.